Mtoto wa Jirani

Nilimkana mwanangu saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, nikiwa na akili zangu timamu. Tulikuwa watu wanne kwenye mkutano wa kazi wa mtandaoni, na zamu ya kusema ilikuwa yangu. Nilikuwa naeleza kwa nini mfumo wetu unachelewa kufungua orodha ya wagonjwa. Nyuma ya mlango wa mbao mtoto akaanza kulia. Hakuwa anaumwa. Alikuwa ameniona nikiingia stoo na kujifungia, naye alitaka kuingia. Akaupiga mlango kwa kiganja, akaita, "Mama." Akaita tena.

Meneja akauliza, "Hapo ulipo kuna mtoto?"

Nikasema, "Ni mtoto wa jirani. Huwa anakuja kucheza hapa."

Halafu nikaendelea kueleza habari ya orodha ya wagonjwa. Nikamsikia mama yangu akija kwa hatua zake za polepole, akimnyanyua mtoto na kumwambia kwa Kiiraqw kwamba vifaranga wametoka, waende wakawaone. Mlango ule ni mwembamba. Nilijua kwamba mama amesikia kila neno, maana mimi pia nilimsikia akipumua.

Uongo wenyewe haukuanzia pale. Ulianzia Arusha, siku ya usaili. Kampuni ilikuwa ndogo, inatengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya zahanati. Tulikuwa watatu kwenye benchi tunasubiri kuitwa. Kijana aliyenitangulia alipotoka nilimuuliza wamemuuliza nini, akasema wamemuuliza programu alizowahi kuandika, basi. Mimi pia waliniuliza hayo, nikajibu vizuri, na niliona kwamba wameridhika. Kisha meneja akafunika kalamu yake, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na upande wa familia? Umeolewa? Una mtoto?"

Mwanangu alikuwa na miezi minane wakati huo. Nilikuwa nimemwacha Dongobesh kwa mama siku mbili kabla, na maziwa yalikuwa yananisumbua kiasi kwamba nilikuwa nimekunja leso mbili na kuziweka ndani ya sidiria ili blauzi isilowe. Nikajibu hapana. Kwa swali la ndoa nilisema kweli. Mimi na baba wa mtoto tulikuwa tumeshaachana kabla hajazaliwa.

Nilipompigia mama simu kumwambia nimepata kazi, alimshukuru Mungu, akasema, "Fanya kazi, mwanangu. Meno ataota hata akiwa kwangu." Sikumwambia nilichojibu. Mama ni mzee wa kanisa. Ni mjane anayelima vitunguu saumu na mahindi, na katika maisha yangu sijawahi kumsikia akisema jambo lisilo la kweli, hata lile dogo la kumwondoa mtu mlangoni.

Nilikaa Arusha mwaka mmoja na miezi kadhaa, nikija nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni. Kisha kampuni ikaacha ile ofisi ya kupanga, tukaambiwa kila mtu afanyie kazi nyumbani kwake. Nilifurahi sana. Nikafungasha, nikarudi Dongobesh, nikaweka meza ndani ya stoo kwa sababu dirisha lake linatazama kilima chenye mnara wa simu. Mle ndani mama anahifadhi vitunguu saumu, na hadi leo sweta zangu zote zinanuka vitunguu. Asubuhi ukungu ukishuka kuna baridi kweli, nilikuwa nafanya kazi nikiwa nimejifunika blanketi miguuni, juu nimevaa blauzi ya ofisini kwa ajili ya kamera.

Nilidhani sasa nitakuwa na mwanangu mchana kutwa. Badala yake nilikuwa naye upande wa pili wa mlango.

Ningeweza kusema ukweli Jumanne ile, au Jumatano yake. Lakini kulikuwa na mambo mawili nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

La kwanza lilimhusu mwenzetu wa kiume, mwandishi wa programu kama mimi. Siku moja binti yake wa miaka minne alimpandia mapajani katikati ya mkutano, akaweka uso karibu kabisa na kamera hadi tukaona pengo la jino. Meneja alicheka. Akamuuliza jina, akamuuliza anasoma wapi, tukapoteza dakika kumi nzima. Mtoto alipoondoka, meneja akasema, "Baba wa mfano huyu." Na sote tukakubali, mimi nikiwa wa kwanza.

La pili lilimhusu dada wa majaribio. Huyu kazi yake ilikuwa kuujaribu mfumo kabla haujapelekwa kwenye zahanati, na alikuwa na jicho kali kuliko sisi sote. Kosa ambalo mimi sikuliona kwa wiki nzima yeye alilipata kabla chai haijapoa. Alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Katika mkutano mmoja mtoto wake wa kiume alilia, akazima kamera amnyonyeshe, akaendelea kuongea. Hakukosea hata kitu kimoja. Alipomaliza, meneja akasema, "Dada, siku nyingine tutafutie muda ambao una utulivu." Alisema kwa heshima. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza mtoto anaitwa nani.

Kwa hiyo nilinyamaza. Na uongo ukanizoea. Mtoto akilia nasema ni wa jirani. Akikohoa, wa jirani. Nilijifunza kuzima maiki haraka kama mtu anayepangusa jasho. Mama hakuniuliza neno. Alianza tu kumwondoa mtoto mapema. Ikikaribia saa nne anamfunga kitenge mgongoni, wanakwenda shambani au kwa mwenye mashine ya kusaga, warudi nikimaliza.

Katika mfumo wetu kulikuwa na sehemu ya kuwakumbusha akina mama siku ya kliniki ya watoto. Ujumbe unaokwenda kwenye simu zao niliuandika mimi: "Mama, kesho ni siku ya kumpeleka mtoto kliniki. Afya yake ni furaha yako." Meneja aliusifu, akasema unaonekana umeandikwa na mtu anayejua. Nilipotaka kuujaribu niliweka namba ya mama yangu pamoja na tarehe ya kliniki ya mwanangu, kisha nikasahau kuiondoa. Mwezi uliofuata mama akaja mlangoni na simu yake, akaniomba nimsomee kwa sababu hakuwa na miwani. Nikamsomea. Akasema, "Basi kesho tutakwenda," akarudi jikoni. Nilikuwa na mkutano. Alikwenda peke yake.

Lakini hayo yote ni madogo kuliko ninayotaka kusema sasa.

Tulipata kazi kubwa upande wa Hanang, ya kuweka mfumo katika zahanati kadhaa na kuwafundisha wauguzi. Ilihitaji mtu wa kuongoza. Kwa haki ilikuwa ya dada wa majaribio. Alikuwa na miaka mingi kazini kuliko mimi, na alikuwa anaujua mfumo kama mtu anavyojua jiko lake. Meneja akanipigia simu mimi pembeni.

"Wewe ni mwanamke mwenzake," akasema, "nieleze kwa ukweli. Unaonaje, ataiweza hii kazi? Kuna kusafiri."

Nilikuwa nimesimama nje, karibu na banda la kuku, mwanangu akiwa ameshika sketi yangu. Nikamwekea kidole mdomoni asiseme.

Nikasema, "Kuweza anaweza. Ila kwa sasa ana mtoto mdogo. Labda tumpumzishe kwanza."

Meneja akashusha pumzi. "Hata mimi niliona hivyo. Basi utaichukua wewe. Wewe huna cha kukufunga."

Nikasema asante.

Nilizunguka Hanang karibu miezi minne. Nilipapenda, sitasema uongo kuhusu hilo. Kulikuwa na wauguzi waliotembelewa na wafugaji kutoka mbali sana, akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto migongoni, wamesimama foleni kusubiri nimalize kuunganisha kompyuta ili kadi zao ziandikwe. Nilikuwa nawauliza kwa Kiswahili cha polepole: mtoto ana umri gani, chanjo ya mwisho lini. Mmoja wao, mama wa makamo, alinijibu yote, kisha akaniuliza, "Na wewe wa kwako ana umri gani?" Nikamwambia sina. Alinitazama kwa huruma, akasema Mungu atanipa. Ile huruma yake niliipokea kama vile ni haki yangu.

Kisha ikaja ile siku ya wageni. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika ripoti. Meneja na yule mwenzetu wa kiume walikuwa wamekwenda kukagua zahanati moja ya Hanang, upande wa Hirbadaw, na wakati wa kurudi wakaamua wapite huku kwetu, waingie Arusha kwa njia ya Mbulu na Karatu. Walinipigia wakiwa tayari Dongobesh, hapo penye maduka. "Tuelekeze kwenu, tumsalimie mama."

Nikaingia jikoni mbio. Mama alikuwa anamenya viazi, na mtoto amekaa kwenye kigoda anachezea maganda.

"Mama, wageni wa kazini wanakuja. Naomba umpeleke mtoto kwa jirani kidogo."

Mama hakuinua kichwa. "Mtoto ana mafua na nje kuna baridi. Hapelekwi popote."

"Mama, tafadhali."

"Weka chai jikoni," akasema.

Walifika, wakamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba na kuwakaribisha sebuleni. Tukawapa chai ya maziwa na viazi. Mwanangu alikuwa karibu kutimiza miaka mitatu. Aliingia akiwa amevaa sweta langu la zamani lililomfika magotini, akasimama katikati ya chumba, akawatazama. Kisha akaja akaegemea goti langu, kama mtoto anavyoegemea goti la mama yake.

Mwenzetu wa kiume anapenda watoto. Akamnyooshea kiazi, akasema, "Huyu mrembo ni wa nani?"

Mama yangu alikuwa amekaa kando ya mlango, mikono juu ya mapaja. Aligeuza uso akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama. Alinipa muda. Nimeufikiria sana muda ule, na najua ulikuwa mrefu wa kutosha kusema neno moja tu. Neno lenyewe ni "wangu". Nilikuwa nalo mdomoni. Nikanywa chai.

Mama akasema, "Ni wa jirani hapo. Huwa anashinda kwetu."

"Mbona anafanana na huyu wetu?" mwenzetu akauliza akicheka.

"Huku wote tunafanana," mama akasema. Wageni wakacheka, mama hakucheka.

Walikaa kama saa moja. Meneja alimwambia mama kwamba amelea binti mchapakazi, asiye na visingizio. Mama akashukuru. Tuliwasindikiza hadi kwenye gari, na mama akawapa mafungu mawili ya vitunguu saumu.

Nilitegemea baada ya hapo atanisema. Ningepata nafuu kama angenisema. Alirudi jikoni akaosha vikombe.

Kesho yake asubuhi tulikuwa uani, mwanangu ameketi kwenye mkeka na mama anachambua vitunguu. Mtoto akanyoosha kidole kwenye nyumba iliyo chini yetu, yenye bati jekundu.

"Bibi, jirani ni pale?"

"Ndiyo, ni jirani yetu," mama akasema.

Akanyoosha kidole upande wa pili, kwa mzee wetu mmoja mwenye ng'ombe. "Au ni pale?"

"Hata pale. Kwa nini unauliza?"

"Mimi ni wa pale au wa pale?"

Hakuwa analia. Alikuwa anataka kujua tu, kama anavyotaka kujua kuku huyu ni wa nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kompyuta mkononi. Nikaiweka chini, nikaenda nikamshika, nikamwambia, "Wewe ni wangu." Akanitazama usoni, kisha akamtazama bibi yake ili ahakikishe kama ni kweli. Mama akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo akakubali.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Wazee wa kanisa hutangulia. Wenzake waliposimama, mama alibaki ameketi, na benchi zima likapita mbele ya magoti yake. Watu waliona. Mama mchungaji alimtazama, kisha akanitazama mimi. Njiani wakati wa kurudi nikamuuliza kwa nini hakwenda.

"Nimesema uongo mbele ya mtoto," akasema. "Moyo wangu haujakaa sawa bado."

"Ule uongo ni wangu, mama."

"Wa kwako ni wa kwako. Mimi nasema wa kwangu."

Akatangulia mbele kuelekea nyumbani.

Jumatatu nilimpigia meneja kabla ya mkutano, nikamwambia yote: kwamba mtoto aliyemwona ni wangu, kwamba nilikuwa naye hata siku ya usaili.

"Ungesema tu," akasema. "Sisi si watu wabaya."

"Ningesema siku ile, ningeipata kazi?"

Akasema tusirudi nyuma sana. Akaniambia kazi ya Hanang niimalize. Ile iliyokuwa inafuata, ambayo tayari alikuwa ameniahidi, atampa mwenzetu wa kiume, ili nami nipumzike kidogo na mtoto. Alitumia neno lilelile nililolitumia mimi. Mwenzetu wa kiume ana watoto watatu. Meneja aliponipongeza kwenye mkutano, "Hongera, mama," kama vile nimejifungua jana, nilimshukuru.

Dada wa majaribio nilimpigia baadaye, mchana. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya mtoto kwanza, kisha hiyo nyingine. Hakuniacha nifike mbali.

"Ya mtoto nilijua zamani," akasema. "Tangu ile siku ya kwanza. Mtoto wa jirani hapigi mlango na kuita mama. Meneja aliniuliza baada ya mkutano kama mimi nimesikia anaita nini. Nikamwambia sikusikia vizuri."

Nikakaa chini juu ya gunia. Nikamwambia hilo lililobaki: kwamba meneja aliniuliza kuhusu yeye na kazi ya Hanang, na jibu nililompa, neno kwa neno. Kwa mbali nilisikia mtoto wake akigonga kitu cha bati.

"Hilo sikulijua," akasema.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusikia." Nikasikia akifungua mlango. "Ngoja nikaanue nguo, naona mvua."

Aliendelea kufanya kazi yake vizuri kama kawaida. Alinijulisha makosa yangu kwa maneno ya adabu, na akiniandikia alianza na salamu. Zamani alikuwa ananitumia picha za mtoto wake akiwa amejipaka uji. Hakunitumia tena.

Baada ya miezi michache aliacha. Siku ya kumuaga tulikutana mtandaoni, wote wanne, na meneja akasema maneno mazuri. Akamaliza kwa kusema, "Dada yetu anatuacha ili apate nafasi ya kumlea mtoto. Sisi kama familia tunamwelewa." Mwenzetu wa kiume akapiga makofi. Dada akatabasamu, hakumpinga. Nilikuwa najua, kupitia mtu wa pembeni, kwamba anakwenda kwenye kampuni nyingine kuongoza watu sita, kazi ya kusafiri.

Nikafungua maiki.

"Samahani, meneja. Haachi kazi kwa sababu ya mtoto. Kazi ya Hanang ilikuwa ni haki yake. Uliniuliza mimi, nikakwambia ana mtoto mdogo, na mimi mwenyewe wangu nilikuwa nimemziba mdomo asisikike."

Mwenzetu wa kiume alitazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mkewe. Meneja akasema jambo hilo tutaliongea mimi na yeye baadaye, na hadi leo hatujaliongea. Dada wa majaribio aliinama karibu na kamera. Nilitafuta kwenye uso wake kama amekasirika au amefurahi, sikuona hata kimoja.

"Asanteni wote," akasema. "Kazi njema." Akazima.

Bado nipo kwenye kampuni ile. Mlango wa stoo siku hizi uko wazi. Sijui kama siku ile ya kumuaga dada nilisema kwa ajili yake au kwa ajili yangu, nijisikie mwepesi, na mashaka hayo yananinyima usingizi kuliko kosa lenyewe. Nikimpigia huwa anapokea. Tunasalimiana vizuri, ananiuliza mama yangu anaendeleaje na mvua zikoje huku juu. Habari za mwanangu haniulizi, na mimi sina uso wa kumuuliza za wake.